Udongo wa Bondeni

Katumbila, Ufipa
16 Aprili 2023

Mdogo wangu Zenon,

Salamu zikufikie wewe, Rhoda mkeo, na watoto wote wa huko chini. Sisi huku juu tupo. Baridi imeanza mapema mwaka huu. Asubuhi umande ni mzito, ukipita shambani unarudi na gauni limelowa mpaka magotini. Mahindi si mabaya, ulezi bado tunausubiri. Nimeshafukia majani kwenye matuta ya mviringo kama Mama alivyotufundisha, zile ntumba zake, lakini safari hii nimefukia peke yangu na mgongo umenikumbusha umri.

Nakuandikia kwa sababu simu yako nimeichoka. Kila nikipiga unasema mtandao unakata, na kweli unakata, tena unakata pale pale ninapomtaja Mama. Karatasi haikati. Nimempa Yonas, kondakta wa gari la Kaoze. Atakupa mkononi.

Miezi miwili imekwisha tangu tumzike. Nyumba yake sijaifunga. Asubuhi nafungua dirisha, jioni nalifunga, kama vile kuna mtu ndani anayetaka hewa. Jana nilikuwa nachoma mahindi nikajikuta nimetenga lile lililoungua upande mmoja, kwa kuwa ndilo alilolipenda. Nikakaa nalo mkononi mpaka likapoa.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Kaburi la Mama limesakafiwa lote, isipokuwa kipande kidogo upande wa kichwani, kama ukubwa wa sahani. Fundi Gabriel aliniuliza mara tatu kama sijakosea. Sijakosea. Siku nne kabla hajafariki Mama aliniambia hivi: "Kalista, mume wangu mliniachia bondeni. Sawa, mvua ilikataa. Lakini mniwekee udongo wake hapa, hata wa kujaa mkono mmoja, nisilale kama mtu ambaye hakuolewa." Ndiyo maana nilikupigia siku ile nikakuambia uje na udongo. Mpaka leo kipande kile kiko wazi. Mvua ikinyesha nakifunika na sufuria mbovu.

Unakumbuka Baba alipofia kwako mwaka 2016, ulimwambia Mama kwenye simu kuwa kaburi lilichimbwa bila sururu, kwamba udongo ni laini kama unga wa ulezi? Hujui jinsi lile neno lilivyomshika. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa, "Mzee Alfonsi amelala pa laini." Udongo huo ndio ninaoutaka. Kopo moja tu.

Tena Debora, binti yangu, anafundisha darasa la tano huko Sumbawanga mjini, na anataka kuandika habari za Baba na za bonde zamani za wakoloni, awasomee watoto. Baba alikaa kwako miezi yake ya mwisho, na najua alikuwa anaongea. Andika unayoyakumbuka.

Kwa nini hukuja kwenye mazishi sikuulizi leo.

Dada yako,
Kalista


Kaoze
28 Mei 2023

Dada Kalista,

Shikamoo. Barua yako niliipata siku tisa baada ya wewe kuiandika, Yonas alikuwa ameiweka chini ya kiti akaisahau. Sisi wazima. Rhoda anakusalimu, anasema macho yake sasa hayaoni sindano bila miwani. Hellena amejifungua mtoto wa kike. Mpunga tumevuna, ndege walikula sehemu yao, sisi tumekula yetu. Jirani yangu Malimi, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, anakusalimu pia. Nilipomwambia dada yangu ameandika kuwa huko juu ni baridi, akasema, "Ndiyo maana nyie Wafipa mnatembea kwa haraka, mnajipasha moto." Nikamwambia na wao wanatembea polepole kwa kuwa wanasubiri ng'ombe wafikiri. Mkewe Kabula alicheka mpaka akamwaga maziwa.

Mwambie Debora aandike hivi.

Babu yetu, mzaa Baba, alikuwa mpagazi wa Wajerumani. Alibeba mizigo kutoka Ufipa kwenda boma lao la Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, na vita ya kwanza ilipokuja akabeba risasi bila kujua zinakwenda kumpiga nani. Alirudi na kovu begani lililofanana na kwato. Baba alikuwa akililalia alipokuwa mtoto.

Baba mwenyewe alishuka bondeni mwaka 1951, akiwa na miaka kumi na minane, kufanya kazi ya nzige. Ofisi kubwa ya kazi hiyo ilikuwa Abercorn, ng'ambo ya mpaka, siku hizi wanaita Mbala. Waingereza waliogopa nzige wekundu kuliko walivyoogopa vita. Walisema nzige wakiruka kutoka bonde la Rukwa wanaweza kula mpaka nchi za kusini huko. Basi wakawachukua vijana wa Kifipa wakawapanga mstari mmoja mrefu kwenye majani, kila mtu na hatua zake, wanatembea kuelekea ziwani wakihesabu nzige wanaoruka mbele ya miguu yao. Jioni bwana mzungu anauliza, wewe Alfonsi, wangapi? Baba anasema mia mbili na sita. Aliniambia kuwa siku nyingine alikuwa amechoka akabuni, na siku hizo ndizo alizosifiwa.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha bonde. Alisema ukisimama juu kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa unaona maji yanavyoshuka kwa hasira, yamebeba mchanga na mawe, lakini yakifika chini kwenye tambarare yanachoka, yanaangusha mzigo wake, na mzigo ule ndio unaoyazibia njia. Mwaka unaofuata yanapita kwingine. Ramani ya mzungu ilikuwa na mito iliyokwisha kuhama, na vijana wakicheka bwana anakasirika na mto, siyo na ramani. Na ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea. Maji yakishaingia Rukwa yanangoja jua tu. Miaka ile ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, mahali tunapovua leo Baba alitembea kwenye majani.

Walikuwa na sheria zao za kambi. Sheria ya kwanza, hema halipigwi kwenye mchanga, hata kama mmechoka namna gani na mchanga unavutia kulala. Mchanga maana yake mto ulishapita hapo, na

Niishie hapo. Karatasi imekwisha, na Yonas anapiga honi.

Mdogo wako,
Zenon


Katumbila
9 Julai 2023

Mdogo wangu Zenon,

Habari za siku nyingi, na hongera kwa mjukuu. Mwambie Hellena nimemshonea mtoto kijikofia, nitampa Yonas akilete kama hatakikalia. Tumepura ulezi. Shangazi Tereza alikuja kusaidia, akawa anasimama kila dakika kumi kunusa tumbaku, kazi ya siku moja ikawa siku tatu. Lakini alituchekesha, na nyumba hii ilihitaji.

Barua yako nilimpa Debora akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Mjomba Wilibrodi alisema hakujua kuwa shemeji yake alikuwa anabuni nzige. Mimi nilikuwa nimemsikia Baba ndani ya maneno yako. Yale ya mto kuchoka ni yake kabisa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Zenon, umeandika kurasa nne. Umefika mpaka Abercorn. Udongo wa kutoka hatua mia tatu nyuma ya nyumba yako hukuutaja.

Na hili nilisema siulizi, lakini nauliza. Ulisema siku ya mazishi mto ulijaa, gari halikuvuka. Yonas ni mtu wa maneno mengi na sikumuuliza, alianza mwenyewe: "Mama, siku ile tulivuka vizuri tu, maji yaliishia kwenye ringi za matairi." Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Kama kuna ugonjwa, niambie. Kama ni mimi nimekukosea, niambie pia. Nikishauza maharage, mwezi wa kumi, nitashuka mwenyewe nilione kaburi na niuchote udongo kwa mkono wangu. Bondeni sijafika tangu nikiwa msichana, Baba aliponipeleka kuona viboko na hatukuona hata mmoja.

Dada yako,
Kalista


Kaoze
20 Agosti 2023

Dada Kalista,

Shikamoo, na shikamoo kwa mjomba na shangazi. Sisi salama. Joto tu.

Mwezi wa kumi usije. Ndio mwezi mbaya kuliko yote, joto la huku wewe huliwezi, na mbu wa huku hawana adabu. Barabara imeharibika baada ya Mtowisa, gari linakwenda kama mtu mlevi. Na miguu yako ile.

Debora aongeze kuwa Waingereza pia waliwahamisha watu kwa sababu ya malale. Baba alisema kulikuwa na vijiji kule porini ambavyo watu wake waliambiwa wafungashe, wakakusanywa mahali pamoja ili wafyeke msitu na mbung'o wasipate pa kukaa. Hesabu ya watu iliandikwa, hesabu ya makaburi haikuandikwa. Baba alipita sehemu hizo akiwa kwenye mstari wa nzige. Alisema mtu alijua kuwa ni kijiji kwa kuona mawe ya kusagia yamelala kifudifudi. Wenyeji waliyageuza kabla ya kuondoka. Aliyekuwa jirani yake kwenye mstari, mtu wa huko, kila akilipita jiwe alikuwa anaacha kuhesabu nzige, akawa anasalimia.

Udongo nimempa Yonas. Uko kwenye kopo la maziwa ya watoto, nimelifunga na mpira. Sasa Mama alale.

Ni mimi,
Zenon


Katumbila
15 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Wote wazima, shangazi Tereza ana kikohozi chake cha siku zote.

Kopo lilifika. Nililiweka juu ya meza ya Mama, nikawaita mjomba, shangazi, Debora akapanda gari kutoka mjini, na katekista Yusto akaja na maji ya baraka. Gabriel fundi naye alikuja na saruji kidogo kwenye ndoo ili akizibe kipande kile baada ya sala. Tukasimama kaburini. Katekista akasema, mama Kalista, wewe ndiye mkubwa, fungua.

Nikafungua. Nikachota kidogo nikasugua kwenye vidole, kama ninavyosugua udongo wa kila shamba kabla ya kulima.

Zenon, huo ni udongo mzito, mweusi. Ukiuweka mate unanata. Una mabua ya majani yaliyopita tumboni mwa ng'ombe. Hauchimbwi bila sururu, wala bila watu wanne na mtaimbo. Nimelima miaka hamsini. Unaweza kunidanganya kwa mambo ya Wajerumani, maana sikuwepo.

Nililifunika kopo. Wote walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Tusubiri mpaka Zenon mwenyewe awepo." Mjomba akaguna. Gabriel akarudi na saruji yake, ikamgandia kwenye ndoo.

Sijakasirika. Nimekaa nafikiri kwa nini mtu amtafutie dada yake udongo wa uongo wakati wa kweli uko nyuma ya nyumba yake. Bondeni sikushuka. Niliogopa, na siyo mbu.

Niandikie ukweli, hata kama ni mstari mmoja.

Kalista


Katumbila
21 Januari 2024

Mdogo wangu Zenon,

Krismasi imepita, mwaka mpya nao. Yonas anaapa alikupa barua yangu mkononi na kwamba uliisoma umesimama, kisha ukakaa chini.

Mvua ni nyingi. Sufuria ile iliyo kaburini imetoboka, nimeweka nyingine.

Sina habari zaidi. Nimekukumbuka tu. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unajificha nyuma ya ghala, na Mama alikuwa anajua, anapitisha chakula chako kwa nyuma bila kusema neno.

Kalista


Kaoze
10 Machi 2024

Dada Kalista,

Shikamoo. Hii ni barua ya sita kuianza. Tano nimezitia motoni. Rhoda amesema nisipoipeleka hii ataandika yeye.

Kaburi la Baba halipo.

Naanza mwanzo. Baba alifariki mchana, mvua ikinyesha, tarehe unaijua. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, na joto la huku maiti haisubiri. Mimi nilikuwa natoka kwenye malaria. Malimi alikuja na watu wake. Wakati ule alikuwa na mwaka mmoja tu hapa, sikuwa namjua vizuri. Akasema, "Mlete mzee kwangu, pale juu nyuma ya zizi. Pagumu, tutatoka jasho, lakini pale sijaona maji kufika."

Nikamwambia, "Baba yangu hawezi kulala nyuma ya ng'ombe."

Akasema, "Ng'ombe hawamsumbui mtu aliyelala."

Nikasema maneno ambayo sitayaandika, ya Wasukuma na Wafipa, siyo ya utani. Nikaenda kuchimba kando ya mto wetu wa Kalumbi, chini ya miti, mahali pazuri, udongo laini. Ulikuwa mchanga, dada. Baba mwenyewe alikuwa amenieleza sheria ile ya hema wiki mbili kabla, tukiwa tumekaa pale pale. Niliikumbuka nikiwa na jembe mkononi. Lakini nilikuwa nimeshasema yale maneno, na watu walikuwa wanaangalia, nikaendelea. Malimi alishika jembe la pili akachimba na mimi mpaka mwisho.

Mwaka 2020 ndipo maji yalipokuja. Ziwa lilipanda, mito yote ikakosa pa kumwaga ikarudi nyuma, na Kalumbi ikaacha njia yake ikapita chini ya ile miti. Kulipokucha miti haikuwepo. Nilikwenda kusimama kwa Malimi, nyuma ya zizi, maana ndipo palipokuwa pakavu. Nikaangalia. Malimi alisimama pembeni yangu muda mrefu. Hakusema "nilikuambia." Mpaka leo hajasema. Ningependa aseme.

Mama alikuwa ananipigia kila Pasaka. "Zenon, umefagia kwa baba yako?" Nasema nimefagia. "Msalaba umesimama?" Nasema umesimama, nimeupaka rangi. Mwaka mmoja akaniuliza rangi gani, nikasema ya bluu. Akafurahi, akasema Baba alipenda bluu. Nilikuwa nasimama ukingoni nikiangalia maji ya matope, simu sikioni, naichagulia rangi mbao ambayo ilishaingia Rukwa.

Uliponiambia nije na udongo, nilizunguka siku tatu. Halafu Mama akafariki. Nilipanda gari, Yonas hakukudanganya. Tulifika Muze. Pale kulikuwa na watu wa kwetu wanaokuja msibani, wakanisalimia, mmoja akasema, "Afadhali umekuja, wanasubiri udongo wa mzee." Nikashuka kama mtu anayekwenda kununua maji. Gari likaondoka.

Udongo wa kopo ni wa nyuma ya zizi. Niliuchukua huko kwa sababu ndiko alikostahili kulala. Siyo kwamba najitetea.

Waambie wote au usiwaambie, utakavyoona.

Zenon


Katumbila
16 Juni 2024

Mdogo wangu Zenon,

Salamu kwako na kwa Rhoda, namshukuru kwa lile alilokuambia. Mahindi tumevuna. Ng'ombe wa jirani ameingia kwenye maharage yangu, nikamfikiria huyo Malimi wako.

Nimechelewa miezi mitatu na nitakuambia kwa nini. Mwezi wa kwanza nilikasirika mpaka nikawa naongea peke yangu shambani. Siyo kwa sababu ya mto. Mto hauna ndugu. Nilikasirika kwa sababu ya rangi ya bluu. Mwezi wa pili nilikuwa namlilia Baba upya, kana kwamba amefariki jana, maana kwangu amekufa mara mbili. Nilikuwa nafikiria mahali alipo. Ziwa halina mlango wa kutokea, wewe mwenyewe uliandika. Basi yumo. Yupo mahali alipokuwa anatembea akihesabu. Sijui kama hilo ni faraja, lakini nililala.

Mwezi huu wa tatu niliwaita watu nikawasomea barua yako yote. Mjomba Wilibrodi alisimama.

"Mtu gani anampoteza baba yake kama mbuzi?"

Shangazi Tereza akamwangalia. "Na wewe Wilibrodi, shemeji yako alipofariki ulishuka kumzika?"

"Mimi nilikuwa na goti."

"Goti hilo hilo nililoliona kwenye harusi wiki ile ile, linaruka?"

Watu walicheka, na mjomba mwenyewe akakaa chini akicheka kwa hasira. Baada ya hapo hakuna aliyesema neno baya. Mjomba anasema udongo wa zizi umwagwe. Sijaumwaga. Uko chini ya kitanda cha Mama.

Na mimi nina langu la kukuambia. Siku ile ya mwisho, Mama hakuuliza habari za udongo. Aliuliza, "Zenon amefika wapi?" Nilikuwa nakupigia hupokei. Nikamwambia, "Ameshafika Muze, Mama, anapanda mlima." Akasema, "Mwekeeni chakula." Hakuongea tena. Kwa hiyo barua yako ilipofika mahali pa Muze niliiweka chini nikatoka nje. Nawe hujadanganya peke yako katika nyumba hii.

Misa ya kumaliza msiba ni Jumamosi tarehe 13 Julai, saa nne, kisha tunakwenda kaburini. Jina la Baba litaandikwa chini ya la Mama, padri amekubali, na katekista amesema mtu anaombewa popote alipo. Kipande kile cha wazi sijakiziba. Muulize Malimi kama anakubali udongo wake uwekwe hapo. Kwake ndiko Baba alikokaribishwa, na sisi tulikataa. Akikubali, aje auweke mwenyewe pamoja na wewe. Mwambie huku ng'ombe wapo, wachache, hawatamtia aibu.

Usiogope kuulizwa. Wa kuuliza nilikuwa mimi, na nimeshauliza. Njoo na koti.

Dada yako,
Kalista


Njiani, juu ya mlima
13 Julai 2024, asubuhi

Dada,

Shikamoo. Gari limekatika springi Mtowisa tangu juzi, halitembei. Tumepanda kwa miguu, njia ya zamani, ile aliyoshukia Baba. Tumelala kwa watu katikati ya mlima na tumeanza tena alfajiri. Malimi yupo na mimi. Nilipomsomea maneno yako akasema, "Huyo dada yako ni mtu." Halafu akaenda kuazima koti.

Tunapumzika kwenye jiwe. Kutoka hapa bonde lote linaonekana, na ziwa, na mito yote kama alivyosema. Nimeitafuta Kalumbi, nimeiona, njia mpya na ile ya zamani. Mahali penyewe sijapatambua. Nimeangalia mpaka Malimi akanigusa bega.

Barua hii nampa Salome, muuza samaki wakavu. Yeye na wenzake wametupita na mizigo kichwani wakituuliza kama sisi ni wazee au tunaigiza. Watafika kabla yetu. Goti langu ni la kweli, siyo kama la mjomba.

Misa anzeni, msinisubiri. Lakini kaburini msiondoke kabla sijafika.

Zenon